MWENDO WA SAFARI YA PAMOJA: NI NANI ANAYEUCHAGUA?



Zamani, korali ilipoalikwa Kipushi ao Likasi, tulikuwa tukitafuta kamio moja, watu wote wakapanda nyuma pamoja na ngoma zao. Shofere alikuwa mmoja, na mwendo ulikuwa mmoja. Siku hizi safari nyingi tunazifanya kwa pikipiki. Tunatoka Lubumbashi pikipiki kumi, kumi na mbili, hata ishirini, kwenda kwenye ndoa, kwenye kilio, ao kusindikiza mgeni. Wengine wako na pikipiki zao, wengine ni manseba tuliowalipa, na nyuma ya kila mmoja kuna mama na mtoto wake, ao mzee, ao kijana mwenye kubeba ngoma.

Basi tunaleta mbele yenu ulizo hili: mashofere wakiwa wengi na safari ikiwa moja, ni nani anayepaswa kuchagua mwendo? Ni yule wa mbele? Ni yule mwenye pikipiki ya nguvu? Ni wote kwa pamoja? Ao kila mtu peke yake?

Ulizo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 ya kuwa katika mwaka 2021 watu karibu milioni 1,19 walikufa barabarani katika dunia nzima, na kati ya kila watu 100 hao, 21 walikuwa juu ya pikipiki ao vyombo vingine vya magurudumu mawili ao matatu vyenye motere. Lakini wengi wetu hatuhitaji hesabu hiyo. Tumekwisha kusimama kwenye kaburi la kijana aliyetoka nyumbani asubuhi akiwa mzima.

1. Kilomita 50 za mbele si kilomita 50 za nyuma

Tuanze na jambo ambalo wengi hawaliwazi. Kundi likienda kilomita 50 kwa saa, tunasema wote wana mwendo mmoja. Kwa upande wa mashini ni kweli. Kwa upande wa mtu si kweli.

Wa mbele anaona barabara yote. Shimo analiona likiwa mbali, mbuzi anamwona akiwa mbali, kamio inayokuja anaiona ikiwa mbali. Wa nyuma anaona mgongo wa mwenzake. Wa mbele akikwepa shimo, wa pili analiona kwa kuchelewa, na wa tano analiona likiwa tayari chini ya gurudumu lake. Wakati wa kipwa, katika barabara ya udongo, wa mbele anavuta hewa safi, na wa nyuma anakula vumbi la wote.

Tena watu hawako sawa. Kuna aliyeendesha miaka kumi, na kuna aliyejifunza mwezi uliopita. Kuna aliye peke yake, na kuna aliyebeba watu wawili na mfuko wa unga juu ya tangi.

Na mwendo wenyewe una hesabu yake. Kwa kilomita 40 kwa saa, pikipiki inapita metre 11 katika sekunde moja. Kwa kilomita 60 inapita karibu metre 17. Sekunde hiyo moja ni kadiri ya wakati ambao mtu anautumia ili kushtuka na kushika freni, kabla pikipiki haijaanza kupunguza mwendo. Kisha, njia ya freni haiongezeki sawasawa na mwendo: ukitoka 40 na kufika 60, njia ile inakuwa zaidi ya mara mbili. Hiyo ni katika gudroni kavu, na freni zikiwa nzima.

Kwa hiyo, mwendo ambao wa mbele anausikia kuwa wa raha, kwa wa nyuma unaweza kuwa wa mashaka, hata kama namba ni ileile.

2. Hesabu ya pahali pabaya

Tuseme pikipiki 12 zinafika pahali penye matope, ambapo zinapaswa kupita moja moja, na kila moja inatumia sekunde 5. Wa mwisho atatoka sekunde 55 nyuma ya wa kwanza. Kama wa kwanza hangoji, anaendelea mara moja kwa kilomita 40 kwa saa, basi wakati wa mwisho anatoka katika matope, yule wa kwanza yuko mbele karibu metre 600.

Sasa wa mwisho anataka kuwafikia wenzake. Akienda 60 wakati wao wanakwenda 40, atatumia karibu dakika 2, na atakimbia karibu kilomita 2 kwa mwendo huo. Halafu pahali pabaya pengine panakuja, na mambo yanaanza upya.

Wakifika, wa kwanza atasema kwa moyo mweupe: «Sisi tulikwenda pole, kilomita 40 tu.» Hasemi uongo. Lakini ndugu yake wa nyuma alikwenda 60, pamoja na mama na mtoto waliokuwa mgongoni mwake. Tunaona hapa ya kuwa mtu anaweza kumkimbiza mwenzake bila kujua, bila hata kugeuza kichwa. Na kama yule wa nyuma angeanguka, wa kwanza angeshangaa sana kusikia kwamba na yeye alikuwa na sehemu katika jambo hilo.

3. Mkono ni wake, lakini hofu inatoka wapi?

Wengine wanajibu: «Kila mtu mzima ana mkono wake juu ya gazi. Ni nani aliyemlazimisha? Kama hawezi, apunguze.»

Neno hili lina ukweli ndani yake, wala hatutaki kulitupa. Hakuna anayeweza kukushikia gazi isipokuwa wewe mwenyewe. Lakini tuchunguze zaidi. Kwa nini mtu mwenye akili, mwenye bibi na watoto, anakimbia kupita nguvu zake? Mara nyingi si kwa sababu anapenda mwendo. Ni kwa sababu ya hofu mbili: hofu ya kuachwa na hofu ya kuchekwa.

Hajui njia vizuri. Simu yake haina unite. Jua linashuka. Mbele kuna barieri, naye hapendi kuifikia peke yake. Na anajua kwamba akifika wa mwisho, vijana watamwuliza: «Wewe, ulikuwa unaisukuma?» Ao: «Ulibeba mayai?» Wanacheka, naye anacheka pamoja nao. Lakini safari itakayofuata, mtamwona akikimbia.

Mtu mwenye hofu hizo mbili hawezi kuchagua mwendo kwa uhuru. Mkono ni wake, ndiyo, lakini hofu tumempa sisi.

Ndiyo maana jibu letu kwa ulizo lile ni hili: kila mtu achague mwendo wake mwenyewe, ule ambao anaweza kuona, kuwaza na kusimama kwa amani. Lakini uhuru wa kuchagua anaupata kwa wenzake walio mbele. Wakimwondolea hofu ya kuachwa na haya ya kuchelewa, atachagua vizuri bila kufundishwa na mtu.

4. Yakobo mbele ya Esau

Shauri hili si jipya. Katika Mwanzo sura ya 33, Esau anakuja na watu 400, anamkumbatia ndugu yake, na anataka waende pamoja. Yakobo anamwonyesha watoto walio wadogo na wanyama wenye kunyonyesha, na anamwambia ya kuwa wakikimbizwa kwa siku moja tu, kundi litakufa. Anamwomba atangulie, naye atafuata polepole kwa kadiri ya miguu ya watoto. Tunajua ya kuwa kisha Yakobo aligeukia Sukoti. Hilo ni shauri jingine.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, Yakobo hakungoja mtoto aanguke ndipo aseme. Alisema mbele ya safari, kwa sauti, mbele ya watu 400. Pili, Esau hakumcheka. Aliyekuwa na nguvu alisikiliza hesabu ya aliyekuwa na watoto. Tungeomba kila safari yetu iwe na watu wa namna hizo mbili.

5. Wenye mwendo nao wana neno lao

Isifikiriwe kwamba tunasifu kwenda pole kila pahali. Katika barabara ya taifa namba 1, kati ya Lubumbashi na Likasi, makamio ya madini yanapita usiku na mchana. Kundi refu la pikipiki likienda kilomita 25 kwa saa pahali hapo, linajiletea hatari. Shofere wa kamio atataka kuzipita zote kwa mara moja, na akikutana na gari mbele, atarudi upande wenu. Tena mtu aliyezoea barabara, akilazimishwa kwenda pole kupita kiasi, anachoka, mawazo yanatembea, anaanza kucheza kulia na kushoto. Huyo naye tusimhukumu kama mwenye kiburi.

Na mwenye mwendo wa pole naye ana deni. Si haki aseme tu: «Mtaningoja.» Anapaswa kusema mapema hali yake na hali ya pikipiki yake. Anapaswa kujiuliza kama njia hii inamfaa, ao kama inafaa apande basi pamoja na mabibi na kukutana na wenzake kulekule. Kupanda basi si kushindwa.

Basi tutafanyaje, kama wa pole anaumizwa na haraka, na wa haraka anaumizwa na upole? Tugawanye kundi. Kule Marekani kuna shirika linaloitwa Motorcycle Safety Foundation, lililoanzishwa mwaka 1973, lenye kufundisha watu kuendesha pikipiki. Linashauri kundi liwe la watu 5 mpaka 7, si zaidi. Wengi wakiwa zaidi, wafanye makundi mawili ao matatu. Wenye kuzoea, wamoja mbele na wamoja nyuma kabisa. Asiyezoea awekwe mara moja nyuma ya kiongozi. Angalieni vizuri: sisi tumezoea kumwacha asiyezoea mkiani, na pale ndipo pahali pagumu kuliko pote. Tena wanafundisha kwamba pikipiki zisifuatane katika mstari mmoja, bali moja iende upande wa kushoto wa njia yao na inayofuata upande wa kulia, na kati yako na yule aliye sawasawa mbele yako kuwe sekunde 2 angalau. Na mtu akitengwa na wenzake, asikimbie ili kuwafikia. Wawe wamekwisha kupatana wapi watakutana.

6. Yule asiye na mkono juu ya gazi

Tumesema juu ya wenye kuendesha. Lakini katika safari zetu, walio wengi ni wenye kubebwa. Mama aliye nyuma hakuchagua mwendo, haoni mbele, na mara nyingi hana kaske. Akimgonga shofere begani na kusema «pole, baba», anaonekana kuwa mwoga. Sisi tunasema: yeye ndiye mwenye haki ya kwanza ya kusikiwa, kwa sababu mwili wake uko katika mikono ya mwingine.

Na hapa kuna shauri la feza, tusilifiche. Manseba analipwa kwa safari, si kwa saa. Akichelewa Kipushi, anapoteza wateja wengine, na jioni mwenye pikipiki anangoja franka zake. Kutoka Lubumbashi mpaka Kipushi ni kama kilomita 30. Kwa mwendo wa 40 ni dakika 45. Kwa mwendo wa 60 ni dakika 30. Haraka yote inatuletea dakika 15. Kama tunataka manseba aende kwa amani, tupatane naye mbele ya safari bei yenye kuhesabu dakika hizo 15 na wakati wa kungoja wengine. Si haki kushindana naye juu ya franka 500, kisha kumwomba aende kwa utulivu, na akianguka tuseme manseba ni watu wabaya.

7. Mbele ya kuwasha motere

Kwa hiyo tunaomba kila kundi lisimame dakika kumi mbele ya kuondoka. Waulizane: ni nani asiyezoea? Ni nani mwenye mzigo? Ni pikipiki gani yenye freni mbovu? Wachague kiongozi, na wachague mtu wa kuzoea atakayekaa nyuma kabisa na asiyemwacha mtu. Wataje pahali pa kungojana: kila njia panda, kila barieri, na baada ya kila pahali pabaya. Kwenye njia panda, mtu asiondoke mpaka amemwona yule aliye nyuma yake. Kwa namna hiyo hakuna haja ya kuonana wakati wote. Inatosha kila mmoja ajue hakika kwamba wenzake hawataondoka bila yeye, na hapo mkono wake utapunguza gazi wenyewe.

Na wa mwisho akifika, tusimwulize kama alibeba mayai. Tumpe maji, tuhesabu watu, na hesabu ikitimia ndipo tuseme ya kuwa tumefika.

Amani iwe pamoja nanyi barabarani.