Neno "Haina Bei" na Haki ya Warithi

Lipo neno ambalo sisi watu wa pwani hulitamka kwa upole kila tunapokigusa kitu kilichoachwa na marehemu. Husema: "Hiki hakina bei." Hulisema juu ya saa ya mkononi, juu ya sanduku la mvule, juu ya mashua iliyokwisha kuoza ufukweni. Ni neno lenye adabu, kwani linakataa kuyageuza maisha ya mtu kuwa shilingi. Hata hivyo katika makala haya nataka kulihoji. Nadhani mara nyingi neno hili humdhulumu mtu, na anayedhulumiwa ni yule mrithi ambaye kitu hicho hakiko nyumbani kwake.

Kilichonifikirisha ni baiskeli. Familia moja ya hapa kisiwani, ambayo sitaitaja jina, iliniomba niwafasirie barua walizokuwa wakiandikiana na mnunuzi aliyeko Uingereza. Baba yao alifanya kazi ya ufundi wa meli huko kwa miaka mingi, na aliporejea alikuja na baiskeli ya mashindano aliyoinunua ujanani. Si baiskeli tuliyoizoea sisi, ile yenye keria ya kubebea gunia na breki za vyuma virefu, inayokaribia kilo 20. Hii ina uzito wa kilo 10 hivi. Usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume, magurudumu yake ni membamba, na haina keria wala kengele. Fremu imeungwa kwa mabomba ya chuma ya Reynolds 531, yaliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1935, ambayo ni mazito penye maungio na mepesi katikati. Gia na breki zimetoka Vicenza, Italia, katika kiwanda cha Campagnolo kilichoanzishwa mwaka 1933. Tandiko la ngozi ni la Brooks wa Birmingham. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Na hii imeundwa kweli.

Mzee huyo aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na wawili wa kike. Kwa sharia ya mirathi tunayoifuata, yakishalipwa madeni na kutekelezwa wasia, mjane hupata sehemu moja ya nane, na kinachobaki hugawiwa watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Ukitafuta hesabu isiyovunjika utaipata kwenye 48: mama hisa 6, kila mtoto wa kiume hisa 14, kila wa kike hisa 7. Mikarafuu huhesabika na shamba hupimwa kwa kamba. Baiskeli haigawiki. Ukimpa mmoja gurudumu na mwengine usukani, hujampa mtu kitu.

Baiskeli ilikuwa kwa kaka mkubwa, imetundikwa ukutani. Dada yao mdogo alipouliza habari yake, alijibiwa kwa sauti ya huzuni kwamba kitu cha baba hakina bei. Kaka hakusema uongo, na huzuni yake sikuitilia shaka. Lakini tulitazame neno lilivyofanya kazi. Kisicho na bei hakina hisa. Sehemu 7 katika 48 za kitu kisichohesabika ni sifuri, na sifuri hiyo aliibeba dada peke yake, wakati kaka alibaki na baiskeli nzima pamoja na sifa ya kuwa mwana mwenye mapenzi.

Hapa lugha yetu ina la kutwambia. Neno bei limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya tendo la kuuza. Thamani limetokana na neno ambalo kwa Waarabu ni bei yenyewe, ile fedha inayolipwa. Na lile ambalo kwao ndilo thamani khasa, sisi tumelichukua tukalifanya kima, yaani kiasi au kiwango. Kwa hivyo Kiswahili kimelipandisha cheo neno la sokoni na kulishusha neno la hadhi. Sioni kuwa ni makosa. Naona ni busara ya watu waliokaa bandarini karne nyingi, wakajua kuwa heshima ya kitu na fedha ya kitu zilizaliwa nyumba moja. Anayesema kwamba kukitia kitu bei ni kukivunjia thamani anayatenganisha maneno ambayo wazee wetu waliyaona ndugu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme baiskeli imetathminiwa kuwa shilingi 2,400,000. Kila hisa ni 50,000. Mama ana 300,000, kila kaka 700,000, kila dada 350,000. Ikiwa kaka mkubwa anaipenda hata hawezi kuachana nayo, njia iko wazi: awalipe wenziwe 1,700,000, abaki nayo kwa halali, na hapo mapenzi yake yatakuwa yamegharimiwa na yeye mwenyewe. Kupenda kwa fedha ya dada si kupenda kukubwa. Kwa maana hii tathmini si tamaa. Ni njia ya mnyonge kujua kilicho chake, na ndiyo sababu mwenye nguvu huiona kuwa ni utovu wa adabu.

Bei ilipoanza kutafutwa, likazuka swali la pili: nini hasa kinachouzwa? Kaka mdogo alitaka kuipaka rangi mpya ili ing'are. Kwa baiskeli ya kuchukulia samaki pengine ingefaa. Lakini wanaokusanya baiskeli za zamani hutaka kinyume chake. Rangi ya kiwandani, hata ikiwa imechubuka, huongeza bei. Rangi mpya huipunguza, maana huenda inafunika ufa au kutu. Hutazama namba iliyogongwa chini ya fremu, penye ekseli ya pedeli. Hutazama kile chombo cha nyuma kinachohamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine, ambacho kwa miaka kadhaa Campagnolo walikipiga chapa ya tarakimu mbili za mwisho za mwaka. Cha Mzee kina 73, ndiyo kusema 1973. Hutazama kama vyombo vyote ni vya umri mmoja. Kwa ufupi, hununua ukweli wa kitu. Kizuri chajiuza, nao uzuri wanaoutaka ni ule usiofichwa.

Kisha ikaja zamu yangu mfasiri. Katika barua kwa mnunuzi kaka mkubwa aliandika kuwa baba yao alikuwa "bingwa wa baiskeli". Mtaani Mzee aliitwa hivyo kweli. Alijiunga na klabu huko ugenini, akashiriki yale mashindano ya alfajiri ya Jumapili ambamo kila mpanda baiskeli hukimbia peke yake dhidi ya saa. Hapakuwa na kombe wala cheti cha ushindi. Mtaani neno bingwa ni sifa, kama tunavyomwita fundi hodari daktari, na hakuna anayelidai ushahidi. Lakini likivuka bahari na kuingia katika karatasi ya mauzo, neno hilohilo huwa ni ushahidi, na mnunuzi hulilipia. Niliwaeleza kuwa Kiingereza kinalo neno la bingwa, ila nikiliandika nitakuwa nimefasiri neno na kudanganya maana. Nikaandika "alishiriki mashindano ya klabu". Kaka alinuna. Aliona nimempunguzia baba yake heshima. Mimi naona nilimpunguzia bei tu, tena bei ambayo haikuwa yake.

Kisa cha kitu huongeza thamani yake, na kwa hiyo kinahitaji uangalifu kuliko chuma. Gino Bartali wa Italia alishinda Tour de France mwaka 1938 na tena 1948. Husimuliwa kuwa baina ya 1943 na 1944, nchi yake ikiwa chini ya majeshi ya Wajerumani, alisafirisha kwa baiskeli hati za kughushi ili kuwaokoa Mayahudi, akizificha ndani ya mabomba ya baiskeli yake. Mwaka 2013, miaka 13 baada ya kufa kwake, taasisi ya Yad Vashem ilimtunukia heshima kwa wema huo. Hata hivyo wapo wanahistoria walioitilia shaka baadhi ya simulizi hiyo, na mjadala haujafungwa. Ikiwa kisa cha mtu mashuhuri kiasi hicho kinadaiwa ushahidi, seuze kisa cha Mzee wetu, ambacho mashahidi wake ni wanawe wenyewe wanaosubiri fedha?

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siipuuzi. Mkusanyaji wa mbali aweza kuifungua baiskeli na kuuza kila chombo peke yake, kwa kuwa mara nyingi vipande huleta fedha zaidi kuliko kitu kizima. Je, si bora kumuuzia kijana wa hapa mwenye shauku ya mbio, hata kama hana uwezo ila wa 1,800,000? Huenda ni bora. Lakini ukarimu una mwenyewe. Kaka akiamua kumpunguzia kijana 600,000, hiyo ni zawadi, na kila dada atakuwa amechangishwa 87,500 bila ya kuulizwa. Anayetaka kuwa mkarimu na aukate ukarimu katika fungu lake: wenziwe wapate 1,700,000 yao kamili, yeye aondoke na 100,000. Akilifanya hilo, nitamvulia kofia.

Sisemi kwamba hakuna kabisa vitu visivyo na bei. Katika milima iliyo juu ya Ziwa Como, Italia, kipo kikanisa cha Madonna del Ghisallo, ambaye mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza kuwa mlinzi wa wapanda baiskeli. Ukutani zimetundikwa baiskeli za akina Coppi, Bartali na Merckx. Nazo pia ni baiskeli za ukutani, kama ile ya Mzee. Tofauti ni kwamba zilitolewa ziwe za wote, na hakuna anayelala nazo chumba kimoja. Sisi tunalo jambo linalofanana na hilo, nalo ni wakfu. Warithi wote watano wakikaa, wakaridhiana kwa kauli zao kuitoa baiskeli kwa skuli au kwa nyumba ya makumbusho, basi kuanzia siku hiyo itakuwa haina bei kweli. Kabla ya hapo inayo, hata kama hakuna aliyethubutu kuitaja.

Mwishowe familia hiyo iliuza, kwa maelezo ya kweli na rangi ya zamani, na kila mmoja alitia sahihi kwenye daftari mbele ya fungu lake. Dada mdogo alihesabu fedha zake polepole, kisha akamwomba kaka yake picha ya baba akiwa juu ya baiskeli, akaitie katika fremu. Kaka alimpa, na picha hiyo hakuna aliyeuliza bei yake, kwa kuwa walikwisha kutengeneza nakala tano.