Sadaka Mbele ya Kamera: Mwanafunzi wa Uhusiano wa Umma na Swali la Ria

Miongoni mwa maswali ya maadili ambayo dini na falsafa zimeyarudia bila kuyamaliza, lipo swali la hadhi ya tendo jema linalotendwa ili lionekane, na huenda anayelikabili mara nyingi zaidi mijini siku hizi si mchamungu wala mwanafalsafa, bali ni mwanafunzi wa chuo aliyepelekwa katika idara ya uhusiano wa umma kwa mafunzo kwa vitendo, kipindi ambacho wanafunzi wa Tanzania wamezoea kukiita fildi. Uhusiano wa umma ni kazi ya kujenga na kulinda sifa ya taasisi mbele ya watu ambao taasisi hiyo inawategemea, na uandaaji wa hafla, ambao mara nyingi huangukia idara hiyohiyo, ni kazi ya kupanga mahali, watu, muda na maneno ili tukio litokee kama lilivyokusudiwa. Kazi hizo mbili hukutana kikamilifu katika hafla ya kukabidhi msaada: kampuni inatoa madawati kwa shule au vitanda kwa kituo cha afya, mgeni rasmi anaalikwa, hundi ya mfano, yaani ule ubao mkubwa wenye kiasi cha fedha ambao hakuna benki itakayoupokea, inachapishwa, na mwanafunzi anakabidhiwa jukumu la kuhakikisha kwamba kichwa cha mtu hakizibi nembo ya kampuni.

Vitabu vya dini havitoi jibu jepesi kama wengi wanavyodhani. Qur'ani, katika sura ya Al-Baqara aya ya 264, inamweka anayeharibu sadaka yake kwa masimbulizi, maana yake kumhesabia mpokeaji wema aliotendewa, na kwa maudhi, katika daraja moja na yule anayetoa mali ili watu wamwone. Lakini aya ya 271 ya sura hiyohiyo inasema kwamba kutoa kwa dhahiri ni vizuri, ingawa kuwapa mafukara kwa siri ni bora zaidi. Injili ya Mathayo nayo inakataza, katika sura ya 6, sadaka inayotangulizwa na tarumbeta, ilhali katika sura ya 5 inawataka wafuasi waiache nuru yao iangaze ili matendo yao mema yaonekane. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga katika Ihya Ulum al-Din sehemu nzima ya kujadili tamaa ya jaha, maana yake heshima machoni pa watu, na ria, yaani kutenda ibada au wema kwa kutafuta macho ya watu, naye alikubali kwamba kuudhihirisha wema kunaweza kuwa na heri endapo wengine watauiga, ila akaonya kuwa nafsi ni nyepesi kujificha nyuma ya hoja hiyohiyo.

Aristotle alikuwa na mtazamo tofauti kabisa. Katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako anauhesabu kuwa fadhila ule utoaji mkubwa wa hadharani, kama kugharimia kwaya ya tamthilia, kuiandaa manowari au kuulisha mji mzima, na anayemlaumu si yule anayeonekana, bali yule asiyejua kadiri, anayewaandalia marafiki wachache karamu ya kiwango cha harusi. Kwake jambo la umma haliwezi kufanywa gizani. Kant, kwa upande mwingine, anatoa katika Misingi ya Metafizikia ya Maadili ya mwaka 1785 mfano wa muuza duka asiyempunja mteja asiye na uzoefu kwa kuwa uaminifu unamletea wateja: tendo lake linalingana na wajibu, lakini halitokani na wajibu, na kwa sababu hiyo halina thamani ya kimaadili. Mpango wowote wa kampuni wa kurudisha kwa jamii unaweza kusomwa kwa jicho hilo, na wengi wameusoma hivyo.

Tatizo ni kwamba wote hao, pamoja na tofauti zao, wanamtazama mtoaji, na mtoaji wa leo mara nyingi ni kampuni, mtu wa kisheria asiye na moyo ambamo nia ingeweza kupimwa. Hata pale ambapo mkurugenzi ana nia yake, mwanafunzi wa fildi hana njia ya kuijua, wala hakuajiriwa kuichunguza. (Hajaajiriwa hata kidogo, na mara nyingi nauli yake hutoka kwa wazazi.) Yeye si mtoaji, wala si mpokeaji, ni mtu wa tatu, aliyesimama kati yao akiwa na ratiba mkononi, na hoja hizo hazikumwekea nafasi.

Nafasi hiyo ina mamlaka kuliko inavyoonekana. Taarifa kwa vyombo vya habari, ambayo mwandishi wa habari anatarajia kuipokea mara hafla inapokwisha, huandikwa kabla ya hafla kuanza, ikiwa tayari na kauli ya meneja na furaha ya wananchi, kiasi kwamba tukio lenyewe linalazimika kuifuata habari yake. Mwanahistoria wa Marekani Daniel Boorstin, katika kitabu chake The Image cha mwaka 1961, alilichambua tukio la namna hiyo, lile linalopangwa hasa ili liripotiwe, na akaonyesha kwamba ugumu wake unatokana na utata: si uongo, kwa kuwa madawati yapo na yamekabidhiwa kweli, lakini uhusiano wake na hali halisi haueleweki. Zaidi ya hayo, si ajabu mkono ulioandika hotuba ya mtoaji ukaombwa uandike pia risala ya mpokeaji, ile hotuba rasmi ambayo shule au kijiji humsomea mgeni rasmi. Hapo mtu mmoja anatoa na kujishukuru kwa niaba ya wawili.

Ni katika hatua hii ambapo aya ya 264 inafaa kurudiwa, kwa sababu wasomaji wengi hukumbuka ria na kusahau maudhi. Ria inamdhuru mtoaji, na Mungu ndiye aijuaye. Maudhi yanampata mpokeaji, na yanaonekana kwa macho. Watoto waliopangwa mstari juani tangu asubuhi wakimsubiri mgeni rasmi aliyechelewa, mgonjwa anayepigwa picha kitandani bila kuulizwa, mama anayeombwa aipokee ndoo mara ya pili kwa kuwa mpiga picha hakuwa tayari: hayo si mambo ya nia, ni mambo ya maandalizi, na sharti la Kant kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu linayagusa moja kwa moja kuliko mfano wake wa duka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini saini ya ridhaa iliyochukuliwa kwa mtu anayehofia kunyimwa kitanda haimalizi swali la maadili.

Kwa hiyo swali la kama sadaka ya kampuni ni safi linaweza kuachwa kwa wenye kulijibu, huku mwanafunzi akibaki na lililo ndani ya uwezo wake, ambao ni mdogo, kwa kuwa anayetegemea saini ya msimamizi ili afaulu hawezi kuamuru, lakini si mtupu. Anaweza kupendekeza turubai liwafunike watoto na si meza kuu pekee, na kuomba ridhaa baada ya msaada kutolewa badala ya kabla. Jaribio kubwa zaidi liko katika risala. Kwa desturi, risala ya Kitanzania haiishii kwenye shukrani. Ina sehemu ya changamoto, ambamo mwenyeji humweleza mgeni, kwa adabu lakini bila kificho, kwamba madawati yamefika ila vyoo havitoshi na nyumba za walimu zimebomoka. Hiyo ndiyo sehemu ambayo afisa uhusiano hushawishika kuifuta kwanza, kwa kuwa inaharibu picha, na ndiyo sehemu pekee ya hafla nzima ambamo mpokeaji anasema jambo ambalo mtoaji hakuliandaa. Mwanafunzi anayemwachia mwalimu mkuu aiandike risala yake mwenyewe, akaridhika kusahihisha tahajia tu, hajaiondoa ria ya mtu yeyote. Amehakikisha tu kwamba mgeni rasmi na kampuni, wakiwa wameketi mbele ya kamera walizozileta wenyewe, watasikia habari za vyoo.