Maziwa Yasiyotiwa Maji

Muuza maziwa keshapita na baiskeli yake. Umefungua mlango, umekinga sufuria, wala hukuyaonja. Unamwamini tu. Siku akitia maji utajua yakichemka: utando mwembamba, ladha hakuna. Kesho utamsubiri mwingine, na jirani yako atakuwa ameshasikia.

Afisa uhusiano naye huishi hivyo hivyo. Mwandishi wa habari anapiga simu jioni: “Ni kweli?” Hata ikiwa ni kweli, kujibu “si kweli” ni rahisi, na bosi atafurahi. Ila mwandishi hasahau, na namba yako anayo. Ofisi utahama. Bosi utabadilisha. Jina utahama nalo.

Mwaka 1906, treni ilipopata ajali huko Marekani, mshauri wa uhusiano Ivy Lee aliishauri kampuni ya reli iwaite waandishi wakajionee wenyewe. Wengine wakati ule wangewafungia mlango.

Kozi za kazi hii zipo, vyeti vipo, nenda kasome. Lakini leo simu ikilia na jibu huna, sema: “Bado sijui, nitakupigia.” Halafu mpigie kweli.