Moyo wa Mzazi na Ulimi wa Jirani

Mama amezaa salama, na watu wanashangilia. Zikipita wiki mbili tatu, anaanza kukohoa usiku. Akilala chali pumzi inakatika. Anakaa kitako mpaka kuche. Miguu inavimba. Akienda kuteka maji anapumzika njiani mara nne. Na nyumbani wanasemaje? Mmoja asema: «Mvivu huyu.» Wa pili: «Kila mwanamke huchoka akizaa.» Wa tatu ananong’ona habari za uchawi. Ndugu wasomaji, nani kati ya hao watatu ametenda haki?

Tujue kwanza ugonjwa wenyewe. Wakati wa mimba damu ya mama huongezeka karibu nusu, na moyo hauna budi kuisukuma yote. Kwa wanawake wengine, katika mwezi wa mwisho wa mimba ama katika miezi 5 baada ya kuzaa, nyama ya moyo hulegea, isiweze tena kusukuma damu vizuri. Ndipo maji hujaa mapafuni na miguuni. Aliyepata presha ya mimba yumo hatarini zaidi. Lakini hata aliyekuwa mzima kabisa huweza kupatwa. Si uvivu, wala si adhabu.

Sasa tazameni Zaria, kaskazini ya Nigeria, ambako ugonjwa huu umeonekana sana. Kwa desturi ya Wahausa, mzazi huogeshwa maji ya moto siku 40, hulazwa juu ya kitanda chenye moto chini yake, tena hunywa uji wenye kanwa, yaani chumvi ya ziwa. Miaka ya 1970 waganga wa pale walifikiri kwamba joto na chumvi vinauelemea moyo.

Je, bibi mzee aliyewasha moto ule ana hatia? Hapana. Alitaka mzazi apate nguvu, kama yeye mwenyewe alivyotunzwa zamani. Tena uchunguzi wa waganga wa Nigeria, uliotangazwa mwaka 2020, haukuthibitisha kwamba maji ya moto na kanwa ndivyo vinavyoleta ugonjwa. Ulionyesha zaidi presha ya mimba, kukonda, kukosa masomo na kukosa kazi. Basi aliyefanya haraka kumhukumu bibi yule angehukumu vibaya.

Lakini tusijifiche nyuma ya neno «sikujua». Kutojua kuna namna mbili. Kuna kutojua kwa mtu asiye na njia ya kujua: huyo hana kosa. Kuna na kutojua kwa mtu awezaye kuuliza, asitake: huyo atajibu. Mama anayesema «sipati pumzi nikilala» amekwisha kutuonya. Anayemsikia na kumcheka hawezi tena kusema hakujua.

Mtu atasema: «Hospitali ni mbali, pesa hakuna.» Ni kweli, tena ni mzigo mzito. Ndiyo sababu jamaa nzima wauchukue, asiachiwe mgonjwa peke yake. Akitibiwa mapema, mara nyingi moyo hupata nguvu tena. Ila waweza kulegea tena katika mimba nyingine. Kwa hiyo bwana na bibi wamwendee mganga pamoja kabla ya mimba hiyo, wala bwana asimwachie mkewe hofu hiyo peke yake.

Mzazi akilalamika, tumwulize kwanza: «Unalalaje usiku?» Kisha tumpeleke akapimwe. Ulimi ungoje.