Mzinga Uliotulia

Chini ya mlima Sagalla, ule ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuita Ndara, yako mashamba yaliyozungushiwa mizinga ya nyuki. Kila mzinga unaning'inia kwa nyaya kati ya nguzo mbili, chini ya kipaa kidogo, na waya mwingine umeuunganisha na mwenzake ulio mita kumi hivi mbele. Ndovu akija usiku kutafuta mahindi akasukuma waya, mizinga huyumba na nyuki hutoka. Lakini sasa ni jua la utosi, na mzinga hauchezi hata kidogo.

Tumezoea kudhani kwamba kilichotulia hakiguswi na chochote. Mzinga huu unavutwa chini na dunia nzima. Nyaya zinauvuta juu, na kila mmoja unauvuta upande wake, kama watu wanaogombania kamba. Tena waya ukikazwa hadi ukaribie kunyooka, mvuto ndani yake huupita uzito wenyewe. Mzinga wa kilo 20 ulioshikwa na nyaya mbili zilizoinama digrii 10 tu huutia kila waya mzigo wa karibu kilo 58. Kunyooka kabisa hauwezi, utakatika kwanza. Jumlisha yote hayo na jibu ni sifuri, na hiyo sifuri ndiyo tunayoiita utulivu. Ila mtu asiye na shilingi hana hali moja na aliyepokea elfu kumi akalipa madeni ya elfu kumi.

Aristotle alifundisha kwamba kinachosukumwa husimama msukumaji akiacha, na yeyote aliyesukuma mkokoteni kwenye mchanga wa mji wa Voi ataona hilo ni kweli tupu. Ibn Sina, katika karne ya 11, aliona mbali zaidi: pasipo cha kuuzuia, mwendo haujimalizi wenyewe. Mwaka 1687 Newton akaliweka hilo kuwa kanuni. Kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwa kasi ile ile katika mstari ule ule, mpaka nguvu isiyo na ya kuisawazisha ikiguse. Mkokoteni hauchoki; unasimamishwa na msuguano. Linalodai sababu ni badiliko peke yake.

Usukume ghafla kwa kiganja mzinga mtupu, kisha ule ulioshiba asali. Wa pili hugoma. Tutasema ni mzito, lakini uzito wake umebebwa na nyaya, na kiganja hakinyanyui kitu. Kinachogoma ni inesha, ule ukaidi wa kila kitu dhidi ya kubadilishwa hali. Na ukishaanza kuyumba, ukaidi huo huo ndio unaokufanya uhangaike kuusimamisha.

Abiria wa treni ya reli ya kisasa, SGR, anapita hapa kwa kasi ya kilomita mia kwa saa, chai yake imetulia kikombeni kama iliyo juu ya meza ya nyumbani. Anatazama udongo mwekundu na vilima, anasema huku hakuna kinachoendelea. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, na huniuma. Mama mwenye shamba hili anavutwa na mvua inayokawia, na karo, na ndovu, na soko lililo mbali. Naye anavuta upande wake kwa kukesha, kwa kupanda tena, kwa kukopa na kulipa. Mwaka unaisha hajasogea hata hatua moja. Anaitwa mvivu na watu wasioona ila jumla. Ndiyo maana huletewa msukumo zaidi, hotuba juu ya hotuba za kujituma, na ni wachache mno wanaouliza ni nini kinachomshika. Mimi naamini kumpunguzia msuguano mmoja, tuseme barabara ya kufikisha mazao Voi, kungemsogeza kuliko hotuba zote hizo.

Wengine husifu amani kati yake na wanyama. Mimi nazitazama zile nyaya zilizokazwa, na neno amani hunikwama.

Usiku ndovu hugusa waya. Mzinga huyumba, nyuki hutoka kwa ghadhabu, ndovu hurudi nyuma masikio yakipepea. Kisha mzinga huenda huku na huku, kila safari fupi kuliko iliyotangulia, hewa na nyaya zikiunyang'anya mwendo kidogo kidogo. Alfajiri umetulia tena, na kila waya unavuta vile vile kama jana.