Mtu wa Kuzomewa



Mwaka 1980, huko Wimbledon, Uingereza, watazamaji walimzomea John McEnroe alipoingia uwanjani kucheza fainali ya tenisi na Björn Borg, kwa kuwa katika nusu fainali aligombana na waamuzi. Mbona twampenda mtu wa namna hiyo? Tukimzomea twajiona wapole, kama Farisayo wa Luka 18 aliyefurahi kwamba yeye si mtoza ushuru. (Kila halmashauri ya kanisa inaye wake, asipofika, kikao hupooza.) Hasira zetu wenyewe twamtwika yeye, kisha twarudi nyumbani wepesi.

Siku ile McEnroe alipigana seti tano, akashindwa. Watazamaji wakamshangilia.