Haki ya Msomaji Asiyeona

Mwanafunzi wangu mmoja asiyeona aliniomba muhtasari wa somo la ushairi. Nilizipiga picha kurasa zangu, nikazitia katika kompyuta, nikampa. Baada ya juma moja alirudi, akanena kwa adabu: “Mwalimu, kurasa zako ni bubu.” Programu imsomeayo kwa sauti hutambua herufi, na picha ya ukurasa, kwa programu hiyo, haina herufi hata moja.

Je, yatosha tuwaandikie wenye macho kwanza, kisha tumrekebishie asiyeona atakapoomba? Wengi watasema yatosha, kwani waombao ni wachache. Lakini mtu alazimikaye kuomba kila siku kile wapewacho wenziwe bila kuomba, huyo hufadhiliwa; hatendewi haki.

Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 uliruhusu vitabu vigeuzwe kwa ajili ya wasioona pasipo kungoja idhini ya mwenye hakimiliki. Ni jambo jema, ila huja baada ya kitabu kuandikwa. Ziko pia programu zigeuzazo picha kuwa herufi. Nazo hukosea, na asiyeona hana ukurasa wa asili wa kulinganishia.

Kwa hiyo, ndugu walimu, njia bora yaanza kwa mwandishi mwenyewe: aandike herufi halisi, avitambulishe vichwa vya habari kuwa vichwa, na kila picha aieleze kwa maneno. Nami niliuandika upya muhtasari ule kwa jioni moja tu. Mwanafunzi wangu alikwisha kupoteza juma zima.